Vitunguu vya Stesheni

Jumapili hiyo Padre alitangaza ndoa yao mara ya pili, na Jentrix akatoka kanisani akitembea kwa madaha mpaka wanawake wakamtania, ingawa gauni lilikuwa lile lile la kijani alilojishonea mwaka juzi. Lilibaki tangazo moja. Baada ya wiki moja Padre angesoma majina, angeuliza kama kuna mtu anayejua kizuizi, waumini wangekohoa kidogo kama kawaida yao, na basi. Jentrix, fundi wa cherehani wa Mashimoni, Kibera, mjane wa miaka saba, angekuwa mke wa Lusweti.

Na Lusweti ni nani? Ungeuliza hivyo Kibera mwaka huo wa sabini na tano, watoto wangekucheka. Lusweti alikuwa mdomo wa Wahindi! Kila Jumapili saa nane mchana filamu ya Kihindi ikiwekwa kwenye ukumbi wa mabati, fundi wa mashine alipunguza sauti, na Lusweti akasimama kando ya kitambaa cheupe na bomba la bati la kukuzia sauti mdomoni, akawaambia watu kinachosemwa. Msichana akilia, Lusweti analia. Jambazi akicheka, Lusweti anacheka mpaka mabati yanatetemeka. Watu walilipa kumsikiliza yeye kuliko kutazama Wahindi, na hilo alilijua, na lilimkaa vizuri.

Tena alikuwa na habari za pembeni. Kabla taa hazijazimwa alikuwa akiwapa watu mambo ambayo, kwa maneno yake, hata Bombay kwenyewe yamesahaulika. Huyu dada mnayemwona anaimba, jameni, haimbi! Anafungua mdomo tu. Anayeimba ni mama mmoja aliyesimama nyuma ya ukuta, uso umeharibiwa na ndui, na jina lake hawakuliandika popote. Na huyu shujaa wa leo alikufa filamu ikiwa nusu, wakaimalizia na binamu yake, wakimpiga picha kwa mgongo. Tazameni sikio lake la kushoto mtaona si lile. Basi watu mia mbili wakawa wanatazama sikio filamu nzima, na kila aliyeliona likibadilika alipiga kelele kana kwamba ameshinda bahati nasibu.

Jentrix aliyapenda sana hayo. Ndiyo yaliyomfanya ampende mwenyewe.

Filamu ya Jumapili hiyo watu waliiita "ile ya stesheni". Kijana anaondoka kwenda kutafuta maisha, msichana amemsindikiza, gari moshi linapiga honi. Jentrix alikuwa benchi la pili, karanga mkononi. Kijana akamshika msichana bega, akasema maneno yake ya Kihindi, na Lusweti akayaleta kwa bomba, kwa sauti ya chini:

"Ukinikosa, usilie mbele ya watu. Menya vitunguu, ulie navyo. Watadhani ni vitunguu."

Msichana akajibu, na Lusweti akajibu naye: "Na vikiisha je?"

"Nitakuletea gunia zima."

Ukumbi ulicheka, wanawake wakafuta macho. Jentrix hakucheka wala hakufuta chochote. Karanga zilimwagika kwenye mapaja akaziacha hapo hapo.

Kwa sababu maneno hayo yalikuwa yake. Haki ya Mungu yalikuwa yake! Aliambiwa na mumewe Murunga, stesheni ya Bungoma, mwaka wa sitini na nane. Murunga alikuwa mpishi wa daktari mmoja Mhindi wa Kitale, na daktari alikuwa anahama na jamii yake kwenda Ulaya, kama Wahindi wengi mwaka ule, akaahidi kumchukua mpishi wake. Wakaagana hapo stesheni. Murunga akasema la vitunguu, yeye akauliza vikiisha je, Murunga akacheka, akasema gunia. Miezi mitatu baadaye ikaja habari kwamba Murunga amekufa kwa malaria Mombasa na amezikwa huko huko. Na yale maneno Jentrix hakumwambia mtu. Hakumwambia mama yake, hakumwambia dada yake, hata kwa Mungu alikuwa akiyapita kimya kimya.

Sasa Lusweti ameyatoa wapi?

Jioni Lusweti alipomsindikiza, Jentrix alijikaza, akamuuliza kama mtu anayepitisha wakati.

"Yale ya vitunguu yalinichekesha. Uliyapata wapi?"

"Kwani ni yangu? Ni ya yule kijana. Ndivyo alivyosema."

"Kwa Kihindi?"

"Sasa Jentrix, ungetaka aseme kwa Kibukusu?"

"Kitunguu kwa Kihindi ni nini?"

Lusweti akasimama. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Ni... mohabati," akasema.

Ala! Mohabati? Hata muuza sukuma wiki wa pale Mashimoni alijua kwamba mohabati ni mapenzi, kwa maana hakuna wimbo wa Kihindi usiokuwa nalo. Jentrix alisema, "Aha," akaingia ndani, akafunga komeo, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kabla Lusweti hajafika kona.

Usiseme alilala. Alikaa akijumlisha mambo, na kila alilolijumlisha lilikuwa baya. Lusweti alishawahi kufanya kazi ya upakiaji bandarini Mombasa, alimwambia mwenyewe. Lini? Sitini na saba mpaka sitini na tisa. Ehe. Tena tangu waanze kupendana, Lusweti hakuwahi kumuuliza mume wako alikufa vipi. Wanaume wote huuliza! Wanataka kujua kama ni ugonjwa wa kuambukiza, kama ni ulevi, kama ni mkono wa mke. Huyu hakuuliza hata siku moja, na Jentrix alikuwa amemwona muungwana kwa hilo. Sasa akajisemea: mtu haulizi anachokijua. Ya pili: maneno ya siri ya mtu unayapata vipi, kama hukuwa karibu naye siku zake za mwisho? Na kama ulikuwa karibu naye, mbona unaficha? Alipofika hapo alisikia baridi, akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Jumatatu asubuhi alikwenda mjini, Biashara Street, kwa Mama Kokila, mke wa mwenye duka la vitambaa, ambaye Jentrix alikuwa akimshonea sketi za ndani za sari. Mama Kokila alikuwa hakosi filamu. Alizijua zote, na waliozicheza, na nani alimnyang'anya nani mume.

"Mama, ile ya stesheni umeiona?"

"Mara tano!" Mama Kokila akaweka mkono kifuani. "Mimi nalia, baba yake Kokila nalala."

"Pale wanapoagana, kijana anamwambia nini msichana?"

"Nasema: gari imechelewa, mama yako tangojea, rudi nyumbani."

"Hasemi kitu juu ya vitunguu?"

Mama Kokila alimtazama vizuri, kama anayetafuta dalili za homa. "Kitunguu? Stesheni? Hapana, Jentrix. Kitunguu hapana kabisa."

Jentrix akauliza pia juu ya yule shujaa aliyekufa filamu ikiwa nusu. Mama Kokila akacheka mpaka bangili zikalia. Huyo shujaa? Yuko mzima, ameoa juzi, mara ya tatu! Yule wa kuimba nyuma ya ukuta, hilo ni kweli, waimbaji wapo na waigizaji hawaimbi. Lakini mama wa ndui hamjui. Nani anawadanganya huko Kibera?

Ndilo swali. Wiki nzima Jentrix alishona vibaya. Aliweka kola nyuma mbele, akafumua, akashona tena. Lusweti alikuja Jumanne na maziwa, akaja Alhamisi na salamu za mwalimu wa wanakwaya, na kila alipoketi Jentrix alimtazama mikono, akajiuliza mikono hiyo ilifanya nini Mombasa. Chai alimpa. Ila yeye mwenyewe hakunywa kutoka birika lile lile. Mtu akishaanza kushuku, hata sukari inakuwa na siri.

Kisha akakumbuka Jumamosi. Kila Jumamosi Lusweti alikuwa hapatikani. Alisema anakwenda Riruta kumwona mjomba mgonjwa. Mjomba gani huyu anaumwa mwaka mzima, haponi wala hafi?

Jumamosi adhuhuri alifunga cherehani, akajitanda leso mpaka kwenye macho, akamfuata. Lusweti alipanda mpaka Barabara ya Ngong, akatembea haraka haraka, daftari kwapani. Daftari la kumpelekea mgonjwa? Akapita Dagoretti Corner, akakata kulia, na badala ya kushika njia ya Riruta akaingia Kawangware katikati, kwenye ukumbi mmoja wa mbao wa Mzee Gachanja, mwenye ploti nyingi huko. Nje palikuwa na ubao umeandikwa kwa chokaa: FILAMU YA KIHINDI, SAA NANE. Mlangoni aliketi mwanamke mnene mwenye uso wa furaha, akikata tikiti. Jentrix akalipa, akaingia, akasimama nyuma kabisa penye giza.

Lusweti alikuwa benchi la mbele, amefungua daftari, penseli tayari, kama mtoto wa shule siku ya mtihani. Na Jentrix akaelewa la kwanza. Filamu ile ile iliyokuwa ikionyeshwa Kawangware Jumamosi ndiyo iliyokuja Kibera Jumapili; mikebe ya filamu iliyokuwa kando ya mashine ilikuwa imeandikwa hivyo. Lusweti hakujua Kihindi hata neno! Alikuwa akija hapa kumsikiliza mfasiri wa Kawangware, anaandika kila kitu, kesho anawauzia watu wa Kibera kana kwamba ni chake. Jentrix alitaka kucheka kwa sauti. Wiki nzima amemwogopa muuaji, kumbe ni mwizi wa hadithi!

Lakini kama Lusweti ameyapata hapa, aliyeyasema hapa ni nani?

Taa zilizimwa. Kando ya kitambaa akaja mwanamume mrefu, bomba mkononi, na watu wakaanza kupiga makofi wakiita, "Bombay! Bombay!" Uso haukuonekana. Mwanamume akakohoa mara mbili, kavu, kisha akasema:

"Leo kwanza niwape habari ya mwigizaji mmoja aliyesahaulika. Huyu bwana alisafiri, magazeti yakakosea yakaandika kwamba amekufa. Akajisomea habari za kifo chake, kikombe cha chai mkononi. Akaona watu wanamlilia, wanamsifu kuliko walivyomsifu alipokuwa hai. Akafikiri, kisha akaamua. Akabaki amekufa."

Ukumbi ulivunjika mbavu kwa kicheko. Lusweti alikuwa akiandika mbio, hataki neno limpite. Jentrix alishika nguzo ya mbao kwa mikono miwili. Kile kikohozi alikuwa amekisikia miaka minne kwenye mto mmoja wa kulalia. Sauti ile ilikuwa imemwita kutoka jikoni, shambani, kanisani. Ilikuwa sauti ya Murunga.

Filamu yote ilipita, farasi wakakimbia, majambazi wakafa, yeye hakuona. Ilipokwisha, Lusweti alitoka mbio na daftari lake. Jentrix alizunguka nyuma ya ukumbi. Murunga alikuwa ameinama penye bomba la maji, ananawa uso. Alikuwa amenenepa. Shingoni mvi zilikuwa zimeanza. Yule mwanamke wa tikiti alipiga kelele kutoka mlangoni, "Baba Wamucii, chai inapoa!" naye akajibu, "Nakuja, Wagaki," akageuka, maji yakimtiririka kidevuni, akamkuta Jentrix mbele yake.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Yesu wangu."

"Si Yesu. Ni mimi."

"Jentrix..."

"Jina langu liache. Sema."

Akasema, kwa sauti ya chini, macho yake yakienda mlangoni na kurudi. Daktari alimfikisha Kilindini, bandarini Mombasa, akapanda meli na jamii yake, akamwambia karatasi za mpishi hazijatoka, angojee. Alingojea wiki sita. "Na kijiji kizima kilinisindikiza, Jentrix. Waliniombea kanisani. Mama aliuza ng'ombe nipate suti. Ningerudi vipi, nimevaa suti ile ile? Wangenicheka mpaka nizeeke."

"Na malaria?"

Murunga alitazama chini. "Habari hiyo niliituma mimi. Nilidhani ukisikia nimekufa utakuwa huru, uolewe."

"Usiniletee hizo! Hukufa kwa ajili yangu. Ulikufa kwa ajili ya suti."

Jentrix akaona ni zamu yake.

"Nikuambie tulivyofanya? Mwili hatukuwa nao. Wazee wakakata mgomba, wakaupima urefu wako, tukauvisha shati lako la bluu, tukauzika nyuma ya nyumba ya mama yako, watu wakiulilia kwa jina lako. Mimi nilinyolewa kichwa. Nilikalishwa chini na wajane, nikafundishwa pa kula na pa kulala. Mama yako alikuwa akienda pale kaburini kila jioni kuzungumza na mgomba. Hakumaliza mwaka."

Murunga aliketi kwenye tope, suruali yake nzuri na yote. "Mama alikufa?"

"Sitini na tisa. Mwezi wa nane."

Alilia, na Jentrix alimtazama akilia, na hasira yake haikupungua hata kidogo. Alikuwa ametegemea ingepungua. Alimuuliza jambo moja tu lililobaki: kwa nini maneno yao aliyatangaza kwa bomba, mbele ya watu wanaokula karanga?

"Nilipoona ile stesheni yalinitoka," Murunga alisema. "Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia." Akajifuta, akainuka, akakaribia. "Sikiliza. Lusweti namjua, anakuja kuandika, namwacha, hana ubaya. Aliniambia anaoa fundi wa nguo, mjane. Sikujua kama ni wewe. Tangazo la mwisho ni kesho, sivyo? Basi nenda ukaolewe. Mimi nimekufa, na kule nyumbani siwezi kukanyaga tena, mtu aliyezikwa harudi. Wagaki hajui, Lusweti hajui. Wewe nyamaza, mimi ninyamaze. Nani ataumia?"

Jentrix alijitanda leso yake, akaondoka.

Njia nzima swali lile lilitembea naye. Nani ataumia? Ukweli usemwe: alitaka kunyamaza. Alimtaka Lusweti, sasa zaidi ya jana. Jioni Lusweti alikuja na kipande cha nyama kwenye gazeti, akasema mjomba yuko nafuu, na Jentrix alimwangalia uso ule wa kudanganya vibaya, akahisi kutaka kumkumbatia. Alikuwa mwongo mdogo, mwongo wa kupikiwa ugali na kusamehewa. Alikunywa naye chai ya birika moja. Nusura amwambie, akashindwa, kwa maana akisema tu harusi haipo, na asiposema, kila Jumamosi mume huyu angekwenda kwa mume yule kuchukua maneno, na kila Jumapili yeye Jentrix angeketi benchi la pili kuyasikiliza, asijue lipi ni la filamu na lipi ni lake. Angeshuku kila neno la nyumba yake mpaka kufa. Na Murunga angekuwa ametunga maisha ya Jentrix mara mbili: mara moja kwa kufa, mara ya pili kwa kumfundisha kunyamaza.

Jumapili kanisa lilijaa. Lusweti alikuwa amevaa tai. Padre alifungua daftari lake, akarekebisha miwani, akasoma:

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho natangaza ndoa kati ya Lusweti, mseja wa mtaa huu, na Jentrix, mjane wa marehemu Murunga. Yeyote anayejua kizuizi cha haki..."

Watu wakakohoa. Jentrix akasimama.

Minong'ono ilianza nyuma ikaja mbele. Bibi harusi anasimama kupinga harusi yake mwenyewe? Lusweti alimvuta gauni taratibu, akidhani amejisahau.

"Padre," Jentrix alisema, na sauti yake ikafika mpaka nyuma. "Hapo ulipoandika marehemu, futa. Murunga yuko hai. Nilimwona jana mchana Kawangware, penye ukumbi wa Mzee Gachanja. Ndiye anayefasiri filamu."

"Bombay?" Lusweti akasema, na kanisa zima likamsikia.

"Ndiye huyo Bombay wako."

Padre alivua miwani. "Mama, unaelewa unachokifanya? Kama mumeo yuko hai, mimi siwezi kuwafungisha ndoa hii. Unataka nini basi?"

"Namtaka huyu," Jentrix akasema, akaweka mkono kwenye bega la Lusweti. Machozi yalikuwa yakimtoka mbele ya watu wote na hakuyafuta. "Lakini sitaki kuolewa kwa kifo cha uongo. Tuma watu wakamlete, Padre. Aje asimame hapa mbele yetu aseme ameniacha, kwa mdomo wake, bila bomba."

Padre alifunga daftari. Jentrix hakuketi.